Koti la Mgeni, Koti la Mgumu
Na Rehema Mlaki

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huanzia langoni, kwenye mita 1,800 hivi, na siku ya kwanza karibu yote humwishia msituni. Mvua ya huko haina vuguvugu la mvua ya Dar es Salaam. Kila mita 1,000 anazopanda humpunguzia joto nyuzi 6 hivi, na akifika kambini, karibu mita 3,000, jinzi ikiwa imelowa, baridi italala naye.

Ndiyo maana kwenye maduka ya Moshi yanayokodisha vifaa vya mlima, koti la mvua lastahili kukaguliwa kabla ya kingine chochote. Lebo hutaja milimita, 10,000 au 20,000, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa huhimili kabla hayajapenya. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea. Koti ligeuzwe, mishono itazamwe kwa ndani: isipozibwa kwa utepe, maji yatapita kwenye matundu ya sindano, kitambaa kiwe bora namna gani.

Halafu kuna jasho. Koti la plastiki tupu huzuia mvua, lakini mpandaji hutota kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aliivuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE, ikatanuka na kuwa utando wenye vitundu vidogo mno kwa tone la maji, vikubwa vya kutosha kwa mvuke. Hapo ndipo ilipotoka Gore-Tex. Hata koti la namna hiyo huchoka. Likimwagiwa maji yakaenea badala ya kuteleza, lirudishwe kwenye kamba ya duka.

Na wapagazi je, wale wanaojiita wagumu? Mvua inayomnyea mgeni huwanyea na wao, wakiwa na mzigo wa hadi kilo 20. Mgeni anayetumia saa nzima kuchagua koti lake anapaswa, kabla ya kulipa, kuiuliza kampuni: wapagazi wake wana koti na suruali ya mvua? Jibu la kubabaisha litoshe kumpeleka kwa kampuni nyingine.

Moshi kuna shirika la KPAP, linalowaazima wapagazi mavazi ya mlima bila malipo. Mgeni aliyeshuka na hana mlima mwingine mbele yake anaweza kuwaachia koti lake, ilimradi mishono bado ni mizima.