Tera 16, Hata Sauti Moja ya Nyumbani Hakuna!

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, mnisamehe. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu mmoja alituita kwake Buhongwa. Simu yenyewe ilikuwa ya mbwembwe: "Kaka, njoo uone mtambo." Nikapanda gari pale Usagara njia panda, nikaenda. Na kweli mtambo upo. Kasha la kompyuta lenye kioo ubavuni, feni sita zinazobadili rangi kama taa za ukumbi wa harusi, runinga ya inchi 65 ukutani, spika kila kona ya sebule, na diski nne za TB 4 kila moja. Jumla TB 16! Jamaa akazima taa, akashika rimoti, mabango ya filamu yakaanza kupita kwenye kioo moja baada ya jingine, mamia kwa mamia. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitaki kuwadanganya.

Halafu nikauliza swali langu la kishamba: "Kaka, humu ndani una nini cha kwetu?"

Kimya. Akapandisha, akashusha. Mwisho akapata folda moja ya Bongo Fleva, nyimbo kama arobaini, nusu yake katikati ya wimbo kuna sauti inatangaza tovuti zilikopakuliwa. Basi. Filamu ya Kitanzania hata moja hakuna. Ngoma hakuna. Video ya harusi yake mwenyewe haipo! Iko kwenye flashi, na flashi iko kwa shemeji, na shemeji yuko Kahama.

Hoja yangu ni hii, nitaisema bila kuzunguka. Sisi vijana tuliosoma tunajenga maghala makubwa majumbani mwetu, tunayajaza vitu ambavyo havitapotea hata kama umeme wa Mwanza nzima ukikatika mwaka mzima. Vile ambavyo vitapotea tusipovishika sisi, tunaviacha vioze kabatini. Huo si utaalamu wa kompyuta. Ni ulimbukeni wenye feni sita.

Kabla hamjanirukia, nianze na mimi mwenyewe. Nami ninayo seva. Ni kompyuta ndogo ya mtumba iliyotumika ofisini huko Ulaya, haina taa hata moja ya kuringia, nimeiwekea diski mbili na programu ya Jellyfin. Wasioifahamu: ukoo huu wa programu una historia ndefu. XBMC ilianzia kwenye mashine ya michezo ya Xbox mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014. Plex nayo ilichipukia humo humo. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, pale wenye Emby walipofunga msimbo wao na watu wengine wakaamua kuendelea na ule ulio wazi. Haina malipo, na haitaki intaneti ili uangalie kilicho kwenye diski yako. Bando likiisha, sebule inaendelea.

Mwezi wa kwanza nilifanya yale yale ninayoyasema leo. Nilijaza tamthilia za nje, nikapiga picha, nikarusha mtandaoni, nikasubiri sifa. Sifa zikaja.

Kilichonibadilisha ni aibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha redio huku Kanda ya Ziwa, jina sitalitaja. Nilimrekodi mzee mmoja wa Misungwi, mcheza ngoma wa Bagalu tangu ujana wake, umri umeshapita themanini. Wasukuma mnaelewa: Bagalu na Bagika si mchezo, ni ushindani wa tangu karne ya 19, wenye dawa zake, nyimbo zake na matusi yake matamu. Mzee alizungumza karibu saa mbili. Akaimba. Akanieleza nani alimshinda nani, wapi na kwa wimbo gani. Redioni tulirusha dakika kumi na tano.

Mzee akafariki. Mjukuu wake akanifuata: "Kaka, tunaomba ile sauti ya babu, tuisikilize siku ya arobaini." Nikaenda kituoni nikijua ni kazi ya dakika tano. Fundi mitambo akaniambia diski ilijaa, folda za zamani zilifutwa kupisha matangazo na nyimbo mpya. Na nakala yangu mimi mwandishi? Sikuwa nayo. Saa mbili za sauti safi isiyobanwa ni kama GB 1.3 tu. Kwenye laptopu yangu siku ile kulikuwa na tamthilia moja ya Kikorea yenye GB 14. Nafasi ilikuwepo, wadau. Akili ndiyo haikuwepo.

Mjukuu nilimwambia bado natafuta. Ni uongo, na anajua ni uongo, na tukikutana stendi ananisalimia kwa heshima zote. Hiyo heshima ndiyo inaniuma.

Sasa tupige hesabu, maana watu wa kompyuta mnapenda hesabu. Huku Bara hatukuwa na kituo cha runinga mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Maana yake kumbukumbu nyingi za wazazi wetu hazipo kwenye picha, zipo kwenye kaseti. Kwaya, mahubiri, hotuba za harusi, barua za sauti alizotuma baba mdogo akiwa masomoni. Kaseti ya saa moja ukiiingiza kwenye kompyuta bila kuibana inachukua kama MB 635. Filamu moja ya 4K iliyonakiliwa kutoka kwenye diski yake bila kupunguzwa inaweza kula GB 60 hadi 80. Ukichukua GB 64 tu, hizo ni saa 100 za kaseti! Filamu moja ya magari yanayolipuka imekalia saa mia moja za sauti za ukoo wako. Na TB 1 nzima inameza kaseti za saa moja moja zaidi ya 1,500. Wangapi kati yetu wana ukoo wenye kaseti 1,500?

Na muda hautusubiri. Utepe wa kaseti na wa VHS unachoka, na huku ziwani unyevu unaleta ukungu mweupe kwenye utepe, mnaujua. Deki nazo zinakufa. Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki ikitengeneza deki za VHS wakati wengine wameshaacha, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Iliyobaki ni ile deki ya mjomba iliyofunikwa kitambaa, na fundi mmoja mzee anayejua kubadili mpira wake. Akiondoka huyo fundi, mkanda wako utabaki pambo.

Kuna mtu atasema, "Wewe unalilia kaseti za bibi, mambo makubwa yapo salama." Salama wapi? Chukua mfano wa hapa hapa. Hubert Sauper, Mwaustria, alipiga filamu Mwanza kuhusu sangara, ndege za mizigo, mapanki na watoto wa mitaani. Ilitoka mwaka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare, na mwaka 2006 ikashindania Oscar upande wa filamu za maisha halisi. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishambulia hadharani, na hapa mjini watu wakaandamana kuipinga. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nakumbuka watu wazima wakibishana kuhusu "filamu ya mapanki" kwenye kila kijiwe. Waliokuwa wameiona walikuwa wangapi? Pale mtaani kwetu sikumjua hata mmoja.

Sitetei ile filamu. Ina mambo ambayo hata mimi ningegombana na aliyeitengeneza. Lakini mji ulipigania sura yake bila kuwa na hiyo sura mkononi. Nilikuja kuiona nikiwa chuoni, kwenye laptopu ya mtafiti mmoja wa kigeni. Mji wangu, nimeonyeshwa na mgeni! Na leo, muulize mwenye TB 16 kama anayo. Muulize kama ana Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar. Muulize kama ana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Atakwambia hajaitafuta.

Sasa nije kwa mtu ambaye sisi wasomi tunamdharau. Pale Usagara, njia ya Shinyanga inapoachana na njia ya Kigongo, kuna dogo ana kibanda cha kujaza nyimbo kwenye flashi. Kompyuta yake ni kuukuu, kasha liko wazi, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Wateja wake ni madereva na utingo wa malori, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Ukikaa naye nusu saa utaona maajabu. Nyimbo za Kisukuma amezipanga kwa jina la mwimbaji. Ana video za ngoma za Bulabo, ile sikukuu ya Juni pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement. Akiulizwa wimbo asiokuwa nao, anamwambia mteja, "Mzee, ukiupata niletee, nitakujazia flashi bure." Jamani, huyo ni mkutubi! Hajasomea popote, lakini anajua kazi ya maktaba kuliko sisi wenye mabango yanayopita kwenye runinga.

"Lakini ni mwizi," mtasema. Sawa, tuliongee. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na dogo hamlipi mwimbaji. Simtetei hapo. Ila naomba mniambie zile TB 16 za Buhongwa zilinunuliwa duka gani? Mwenye kibanda anaitwa mwizi, mwenye kioo ubavuni anaitwa mtaalamu. Kama tunataka kuwa wasafi, njia ipo na ni fupi: waimbaji wetu wa Kisukuma wana simu. Mpigie, mtumie hela, omba kazi zake zote kwa ubora wa studio, mwombe na ruhusa ya kuzitunza. Jaribu kumpigia mwenye studio ya Hollywood uone. Na harusi ya wazazi wako hakuna atakayekushtaki kwa kuitunza.

Wengine watasema, "Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni, ya nini kujisumbua?" Mtandaoni kwa nani? Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipowataka wenye blogu kulipia leseni, wapo waliofunga, na JamiiForums ikasimama kwa muda. Akaunti inafutwa kwa kosa la nywila, kwa malalamiko ya mtu usiyemjua, au kwa kampuni kubadili mawazo. Mtandao ni sokoni. Weka huko ya kuuza na ya kuonyesha, ila urithi kaa nao nyumbani.

Na wapo wa "hela yangu, starehe yangu". Hao nawaheshimu. Sijasema futa tamthilia zako, hata mimi jioni nikichoka naziangalia. Ninachoomba ni TB 1 kati ya hizo 16. Moja tu!

Kwa aliye tayari, haihitaji mtambo wa kutisha. Mashine inayokula wati 120 mchana na usiku inamaliza uniti 86 za luku kwa mwezi. Yangu inakula kama wati 15, sawa na uniti 11 hivi. Tafuta redio kaseti nzima, waya wa kutoka tundu la spika kwenda kwenye kompyuta, na programu ya bure ya Audacity. Kwa VHS, tafuta deki na kifaa kidogo cha kuingiza picha kupitia USB. Andika jina la anayesikika, mahali na mwaka, maana faili lisilo na jina ni sawa na kaburi lisilo na alama. Na tafadhali, diski mbili ndani ya kasha moja si usalama. Radi za huku ziwani mnazijua, na wezi mnawajua. Nakala moja ikae nyumba nyingine. Yangu iko kwa dada yangu Sengerema, ng'ambo ya daraja la Kigongo-Busisi, na tangu lilipofunguliwa mwaka 2025 sina tena kisingizio cha kivuko.

Mimi nimeanza. Kila Jumapili kanda mbili. Wiki iliyopita mama alileta kaseti isiyo na maandishi, tukaiweka, ikatoka kwaya, halafu mbwa, halafu sauti ya marehemu babu akimwita mama kwa jina la utotoni. Mama alisimama akatoka nje. Baadaye akarudi akaniambia, "Irudishe nyuma." Tulirudisha mara nne.

Rafiki yangu wa Buhongwa, najua unasoma hapa. Mtambo wako ni mzuri, kaka, sina wivu... basi, kidogo ninao. Mpigie shemeji Kahama, chukua ile flashi. Jumamosi ijayo nakuja tena, na safari hii zima taa tuangalie harusi yako.

Naomba kuwakilisha.