Makuta ya wote Bule: nani anashika ufunguo?

Senta ya Bule, teritwari ya Djugu, ina aina mbili za makuta ya wote. Kuna yale ya serikali: kodi ya soko, malipo ya ofisi ya usultani wa Bahema-Badjere (wengi bado wanaita kolektivite), pamoja na sehemu ambayo Kinshasa na Bunia zinapashwa kurudisha, ile watu wa ofisi wanaita retrosesio. Halafu kuna yale raia wanajichangia wenyewe: likelemba, AVEC, michango ya msiba na ya kanisa. Haya ya raia yanahesabiwa mbele ya macho ya wote. Lakini mama anayelipa kodi ya meza sokoni hana njia rahisi ya kujua yale ya serikali yaliingia kiasi gani na yalifanya kazi gani.

Kwenye karatasi, sheria ni nzuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa jimboni ibaki jimboni. Sheria ya Oktoba 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya sehemu hiyo iteremke mpaka mijini, kwenye komini, sekta na usultani. Fanya hesabu: kwa kila franga 100, 16 zingepashwa kufika ngazi hiyo ya chini. Miaka inapita, na mpango wa kukata asilimia 40 pale pale pesa inapokusanywa haujatekelezwa kama ulivyoandikwa. Usultani unangojea jimbo, jimbo linangojea Kinshasa.

Tena sheria inataka mgao ufuate uwezo wa uzalishaji, ukubwa wa eneo na hesabu ya watu. Hesabu ipi? Mara ya mwisho Kongo kuhesabu watu wake wote ilikuwa mwaka 1984. Katika Djugu, ambako vita imehamisha vijiji vizima tangu mwisho wa 2017, usultani mmoja unaweza kupoteza watu na jirani yake akawapokea bila kuongezewa hata franga moja.

Lakini tuseme pesa imefika. Nani anaichunga? Kisheria kungekuwa na baraza la usultani, lililochaguliwa na raia, linalopitisha bajeti na kumuuliza shefu maswali. Uchaguzi wa baraza hilo haujawahi kufanyika tangu Katiba hii ianze. Desemba 2023 kura za washauri wa komini zilipigwa kwenye miji mikuu ya majimbo tu. Vijijini hakuna kitu. Na tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi: gavana ni mwanajeshi na kazi za bunge la jimbo zilisimamishwa. Simshitaki shefu yeyote kwa wizi. Ninasema kwamba hata shefu mwaminifu leo hana baraza la kumsafisha jina pale watu wanaponong'ona.

Wengine wanafikiri dawa ni dhahabu. Wanatazama Haut-Uele, ambako mgodi wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. Kodeksi ya migodi ya 2018 inazipa serikali za chini asilimia 15 ya mrabaha, na kampuni inatoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za karibu. Ni kweli. Ila pesa hiyo inatoka kwa kampuni zenye hati ya kuchimba, na sehemu kubwa ya dhahabu ya Djugu inachimbwa kwa mikono, inauzwa njia za kichochoro. Bule isingojee Kibali yake.

Mimi naona kielelezo kiko karibu zaidi, ndani ya AVEC. Watu 15 hadi 25 wananunua hisa kila wanapokutana, moja hadi tano kwa mtu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mweka hazina hana hata mmoja. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya kikundi, na asiyejua kusoma anakumbuka salio kwa kichwa. Mwisho wa mwaka wanagawana. Mfuko wa mshikamano, wa ugonjwa na kifo, unakaa pembeni na hauchanganywi na wa mikopo. Ofisi ngapi za serikali zinatenganisha mifuko namna hiyo?

Kuna atakayesema: ukitangaza pesa Djugu, unaita watu wa bunduki. Hofu hiyo ina sababu, na vikundi vyenyewe vinaijua. Ndiyo maana vinapenda kukopesha yote siku ile ile, sanduku lirudi nyumbani tupu. Lakini kusema kiasi kilichoingia na kilichotumika si sawa na kusema pesa imelala wapi. Karatasi moja kwenye mlango wa ofisi kila miezi mitatu, ikisomwa pia kwa Kiswahili siku ya soko, haimpi mwizi kitu.

Inabaki swali gumu zaidi: wote ni nani? Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, watu zaidi ya 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule. Mkimbizi anayeuza mihogo sokoni analipa kodi ileile kama mwenyeji, lakini mradi ukichaguliwa, iwe kisima au darasa, mara nyingi anaambiwa yeye ni mgeni, atarudi kwao. Wengine wamengojea kurudi kwao tangu mwisho wa 2017. Kama usultani utaita kikao cha kusoma hesabu, yule anayeuza mihogo apewe kiti, na mmoja wa funguo tatu ukae kwa watu wa kambi.