Gari likikataa kuwaka, usikimbilie kununua spea

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na pia kwa sababu ya gari. Leo naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali nazo.

Gari langu ni la otomatiki, kuukuu kama mengi tunayoendesha hapa Kenya. Siku nyingi linawaka vizuri. Halafu siku moja unazungusha ufunguo, kimya. Unajaribu mara tano, la sita linanguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Vijana watajitokeza kukusaidia kwa moyo safi, lakini pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya kushika gia, basi magurudumu hayawezi kuizungusha injini. Mara ya tatu ilinikuta saa nne usiku, mama mgonjwa ameketi kiti cha nyuma. Tulienda hospitali kwa teksi.

Kwa fundi gari liliwaka kila alipojaribu. Akasema ni betri. Nikanunua. Baada ya wiki mbili, kimya tena. Akasema basi ni stata. Nikanunua. Zaidi ya shilingi 20,000 zikaenda na tatizo likabaki. Simlaumu sana, maana hakuwahi kuliona kwa macho yake. Sisi waandishi wa programu tuna jibu letu maarufu kwa mteja: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika makala kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Humo alitenga hitilafu zinazojirudia kila mara na zile zinazotoweka ukijaribu tena, ambazo aliziita Heisenbug. Kwake hiyo ilikuwa habari njema: rudia kazi, mfumo utaendelea. Kwa gari naona ni kinyume kabisa. Jaribio la pili likifaulu, ushahidi umepotea, nasi tunamshukuru Mungu na kwenda zetu mpaka litukwamishe tena mahali pabaya zaidi.

Ndiyo maana nasema dakika ile gari linapokataa ni ya thamani kuliko saa nzima gereji. Usikimbilie kugonga-gonga betri. Washa taa kubwa, zungusha ufunguo, tazama.

Taa zikififia karibu kuzima, umeme hautoshi: betri, au vichwa vyake vimelegea au vina kutu. Betri nzima iliyojaa huwa na takriban volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata inapozunguka isishuke chini ya 9.6 hivi. Taa zikibaki kali na ukasikia "ta!" moja tu, angalia stata na waya wake mnene. Mara nyingi ni vile vishaba vya ndani vimelika, na stata nyingi hukubali kubadilishiwa hivyo peke yake.

Lakini taa zikibaki kali na kuna kimya kitupu, amri yenyewe haifiki kwenye stata. Inaweza kuwa rilei au swichi ya ufunguo, ila otomatiki ina mshukiwa wake wa pekee: swichi ya giaboksi inayoruhusu gari kuwaka likiwa P au N tu. Kanyaga breki, sogeza gia hadi N, jaribu. Likiwaka N baada ya kukataa P, una fununu. Katika magari mengi swichi hiyohiyo ndiyo inayowasha taa za kurudi nyuma, kwa hiyo mwombe mtu aangalie kama nazo zinayumba. (Magari mapya ya kubonyeza kitufe hupitisha amri kwenye kompyuta, na huko mashine ya kusoma hitilafu husaidia. Langu ni la ufunguo.)

Nilianza kuandika kwenye daftari kila lilipokataa: tarehe, saa, injini moto au baridi, taa, gia. Mara nne zilitosha. Zote nne taa zilikuwa kali, kimya kitupu, gia P, na zote nne liliwaka nilipohamia N. Karatasi hiyo nikampelekea fundi yuleyule. Safari hii hakukisia. Aliunganisha taa ya kupimia kwenye waya mdogo wa stata, nikashikilia ufunguo huku mguu uko kwenye breki, naye akatikisa kidogo mkono wa gia. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka. Bolti za ile swichi zilikuwa zimelegea nayo ikasogea. Akairudisha mahali pake, akakaza, nikalipa ufundi tu.

Ile stata ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, bado iko chini ya meza yangu ya kazi. Kama kuna anayeihitaji, aseme.