Miaka Miwili ya Kunyonyesha Isiwe Mzigo wa Mama Peke Yake

Ndugu Waislamu, katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameweka miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Aya hiyo hiyo inamwajibisha baba kumlisha na kumvika mama kwa wema, inakataza mama kutiwa taabuni kwa sababu ya mwanawe, na inaruhusu kumwachisha mtoto ziwa mapema iwapo wazazi wameshauriana na kuridhiana.

Mtihani huanza mtoto anapoota meno na kutembea. Mama huumwa, huchoka, na wengine humcheka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa anayenyonyesha hadi saa mbili za siku ya kazi. Lakini mama apaliliaye alizeti kule Iramba au Ikungi, mkoani Singida, hana mwajiri wa kumpa saa hizo. Saa zake zimo mikononi mwa mumewe, mama mkwe na mawifi.

Basi tumpunguzie jembe na ndoo, tumlishe vyema, tuache kumcheka. Na akisema amechoka, mumewe akae naye washauriane. Mola amekwisha waondolea lawama.

Wallahu a'lam.