Usifunge mchango siku ya mazishi

Mtu akifariki huku kwetu Ukambani, kundi la WhatsApp linafunguliwa jioni hiyo hiyo na pesa zinaanza kuingia. Mazishi yakiisha, kundi linavunjwa. Ada ya watoto inabaki juu ya mama peke yake.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lilisombwa na mafuriko kwenye mto Enziu, Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Nchi nzima ililia. Lakini pengo la aina hiyo halizibwi na michango ya wiki moja.

Maoni yangu: rambirambi tuzigawe. Ulipanga kutuma 1,000? Tuma 600 sasa, na 400 mwaka ukitimia, kwa jina la marehemu. Wazee wetu Kitui na Makueni walisaidiana kwa mwethya, jembe mkononi. Sisi tuna simu.

Chagueni waweka hazina wawili, taarifa ya pesa isomwe kwenye kundi, na hakikisha jina linalotokea kabla ya kutuma.

Mtoto wake akirudi shule ada imelipwa, hiyo ndiyo asante.