Tusifute Kompyuta Zote kwa Programu Moja



Wenzangu wa Kidato cha Nne wajua kwamba kompyuta za maabara hutumia Linux ya Debian 12, iliyotoka mwaka 2023. Siku hizi programu ya yt-dlp, ambayo kwa amri za maandishi hutuchukulia masomo ya video ambayo wenyewe wameruhusu yachukuliwe, inakataa kazi. Basi wengi wapiga kelele kwamba mfumo wote ufutwe, utiwe mpya. Mimi napinga.

Namba ya toleo la yt-dlp ni tarehe yake. Andika yt-dlp --version, nawe utasoma 2023.03.04, siku hiyo wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza walikuwa bado shule ya msingi! Tangu hapo tovuti za video zimebadilisha milango yao mara nyingi, na programu yetu ingali yabisha hodi kwenye mlango wa zamani.

Wako wanaowalaumu watu wa Debian kwa uvivu. Si haki. Wao huyafunga matoleo kwa makusudi, wakiongeza hasa marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa, ili kompyuta iliyolala nzima iamke nzima. Kwa hiyo hata ukirudia apt upgrade mara kumi, hupati toleo la mwaka huu. Na tukihamia Debian 13 ya mwaka 2025, nayo imefungwa vivyo hivyo. Baada ya muda tutarudi kwenye kilio kile kile.

Tena FFmpeg 5.1 tuliyo nayo ina kosa gani? Hiyo hufanya kazi na faili lililomo ndani ya kompyuta, wala haibishi hodi kwa mtu. Hadi leo yageuza somo la kemia kuwa sauti bila matata.

Yafaa mwalimu wa maabara aiondoe yt-dlp ya Debian peke yake, achukue toleo jipya kutoka kwa watungaji wake, aliweke katika /usr/local/bin. Kisha yt-dlp -U kila wiki yatosha. Ni megabaiti chache tu, na kazi zetu za mtihani hazitaguswa. Kompyuta moja ijaribiwe kwanza, Jumamosi baada ya usafi; mimi niko tayari kusaidia.