Wauza magari Ujiji wasile mtaji kwa kung'arisha

Anayeuza gari lililotumika Ujiji au Kigoma mjini anajua kwamba mnunuzi hununua kwanza kwa macho. Ndiyo maana gari lenye madoa hupelekwa haraka kwa fundi rangi, hupigwa kompaundi kwa mashine, na jioni hurudi likimeta. Bei hupanda papo hapo. Hata hivyo, mng'ao huo mara nyingi hutolewa kwenye mtaji wa gari lenyewe, na hasara humwangukia mnunuzi asiye na habari.

Mtaji huo ni klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi ambalo hukinga rangi dhidi ya jua na maji. Katika magari mengi unene wake ni mikroni 40 hadi 50 tu, karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Kila kompaundi inapopita, sehemu ya klia huondoka na hairudi. Ikiisha, rangi hupauka, na hapo hakuna polishi itakayosaidia.

Ujiji ina maadui watatu wa klia. Wa kwanza ni jua, kwani mji upo takribani nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta. Wa pili yuko juu ya miembe ambayo mji umejulikana nayo tangu enzi za misafara: kivuli chake ni kizuri, lakini utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi. Wa tatu ni maji ya Ziwa Tanganyika. Maji hayo yana madini mengi, hasa magnesi, na ukali wake wa alkali hufikia pH ya takribani 9. Gari likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likauke juani, hubaki madoa meupe.

Madoa hayo hayahitaji mashine kwanza. Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Doa la madini lipanguswe kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, kisha lisuuzwe mara moja. Kinyesi kiloweshwe kwa kitambaa chenye maji hadi kilainike, ndipo kiinuliwe bila kusuguliwa. Utomvu hutoka kwa spiriti kidogo. Petroli na thina zisiguse rangi. Dawa yoyote ijaribiwe kwanza mahali padogo pasipoonekana. Polishi laini ya mkono ifuate pale tu doa linapogoma, na mwisho ipakwe nta. Mkwaruzo unaonasa ukucha usifukuzwe kwa msasa, kwa kuwa klia inaweza kuisha kabla ya mkwaruzo.

Wapo watakaosema mteja hasubiri. Ni kweli, lakini siki na kitambaa ni gharama ndogo kuliko kupaka upya boneti iliyochomwa na mashine.

Klia iliyokwisha kubanduka haina njia ya mkato: hupigwa msasa na kupuliziwa upya. Hapo mwenye gereji asibane matumizi kwa afya ya fundi. Klia inayochanganywa na hadina huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakiizuii. Fundi anahitaji kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa safi kutoka nje, na watu wengine wakae mbali.

Lililobaki ni uaminifu wa soko. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Gari nalo liwe na daftari lake: lilipigwa mashine lini, mara ngapi, na sehemu gani. Mnunuzi akague paa na boneti mchana kweupe, kisha aliulizie daftari hilo kabla ya kutoa fedha. Muuzaji atakayelitoa bila kusita ndiye anayestahili bei ya juu.